KUFUNDISHA JUU YA NGURUWE MWITU: SHAMBA, DUNGU NA SIMBA

Mwalimu atakayepangiwa shule ya msingi katika Wilaya ya Kilwa, au penginepo katika pwani ya Lindi, atakuta kwamba wakati wa mavuno baadhi ya wanafunzi hufuatana na wazazi wao kulala mashambani. Sababu yake ni nguruwe mwitu. Shamba la mihogo, mahindi au karanga lisipolindwa usiku, jasho la mwaka mzima laweza kupotea katika siku chache. Katika makala hii twaonyesha jinsi ya kufundisha habari za mnyama huyu kama mnyororo wa sababu na matokeo, maana mwisho wa mnyororo huo waweza kuwa uhai wa mtu.

1. Maarifa ya mwalimu

Mwalimu hana budi kwanza kumfahamu mnyama mwenyewe. Watoto wengi humchanganya na ngiri. Ngiri hutembea mchana na hupenda kula majani mafupi mbugani. Nguruwe mwitu hujificha vichakani mchana na hutoka usiku kufukua mizizi na viazi kwa pua yake. Hutembea kwa makundi. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi minne hivi, na mara nyingi huzaa watoto watatu au wanne.

Pili, mwalimu apambanue mnyama wa asili na mnyama wa kigeni. Katika nchi za Marekani na Australia, nguruwe waharibifu ni uzao wa nguruwe wa kufugwa walioletwa na wageni: kusini mwa Marekani mwaka 1539 na Australia mwaka 1788. Nguruwe mwitu wetu hakuletwa na mtu. Ni wa misitu hii tangu kale, naye ni chakula cha chui na simba. Kwa hiyo shabaha yetu si kummaliza, bali kumzuia asiingie shambani.

Tatu, azijue sababu zinazomfanya astawi karibu na watu. Misitu inapofyekwa, wanyama wengi wa porini hutoweka, lakini yeye hubaki katika vichaka vya kando ya mashamba, penye maficho na chakula. Aidha, wakazi wengi wa pwani hii ni Waislamu, ambao kwao nyama ya nguruwe ni haramu. Kwa hiyo hawindwi kwa ajili ya kitoweo.

Nne, aelewe uhusiano wa nguruwe na simba. Mwaka 2005 wataalamu Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walieleza kwamba tangu mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 nchini Tanzania na kujeruhi zaidi ya 308. Mikoa ya kusini ndiyo iliyodhurika zaidi, na mashambulizi yalizidi katika miezi ya mavuno, Machi hadi Mei. Wanyama wengine wanapokwisha, simba humfuata nguruwe mpaka shambani, na huko humkuta mkulima amelala katika dungu. Dungu hafifu la miti na nyasi halimzuii simba.

Jambo hili lina historia. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kazi za lazima ziliwaondoa wanaume mashambani, na sheria za uwindaji ziliwabana wenyeji. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akiandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo, alionyesha jinsi njaa na uharibifu wa nguruwe vilivyochangia hasira iliyozaa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianzia Umatumbi, katika vilima vya Kilwa, mwezi Julai 1905. Somo hili basi laweza kuunganishwa na Historia.

2. Shabaha ya somo

Mwisho wa somo mwanafunzi wa Darasa la Tano aweze:
(a) kutofautisha nguruwe mwitu na ngiri;
(b) kueleza kwa mpango jinsi kichaka, nguruwe, mazao, simba na mtu wanavyohusiana;
(c) kutaja njia mbili za kulinda shamba zisizohatarisha watu wala wanyama wengine.

3. Hatua za kufundisha

Hatua ya kwanza: Mwalimu aulize, asihubiri. Ni mazao gani yaliyoharibiwa nyumbani kwenu? Yaliharibiwa saa ngapi? Nani alikuwa akilinda? Majibu yaandikwe ubaoni kwa maneno ya watoto wenyewe.

Hatua ya pili: Mwalimu achore mnyororo ubaoni: kichaka, nguruwe, mhogo, dungu, simba. Kisha afute neno moja na kuuliza: “Likiondoka hili, kutatokea nini?” Wanafunzi watagundua kwamba kumuua simba peke yake hakuwaondoi nguruwe, bali huwapunguzia adui. Watagundua pia kwamba kufyeka kichaka kando ya shamba hugusa mwanzo wa mnyororo.

Hatua ya tatu: Vikundi vilinganishe njia za kulinda shamba. Sumu iliyotegewa nguruwe huua pia tai, fisi na mbwa wanaokula mzoga. Tanzi la waya halichagui mnyama. Handaki refu kuzunguka mashamba yaliyo pamoja ni kazi nzito, lakini majirani wakishirikiana huwezekana. Kupanda mihogo karibu na makazi, kuvuna mapema na kulinda kwa zamu ya watu kadhaa ni njia zisizohitaji fedha nyingi.

Hatua ya nne: Somo la mwezi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba simba hushambulia watu zaidi katika saa za mwanzo za usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza na giza hutangulia. Wanafunzi waandike kila jioni, wakiwa nyumbani, kama mwezi umeonekana jua lilipokwisha kutua. Baada ya mwezi mmoja watazitambua wao wenyewe siku za hatari.

Hatua ya tano: Hesabu. Ikiwa shamba la shule limeingiliwa, wanafunzi wahesabu mashina katika kipande kimoja. Mathalani, mashina 12 yakiwa yamefukuliwa kati ya 80, hasara ni asilimia 15.

4. Tahadhari

Mwalimu asiwapeleke watoto kutafuta nyayo vichakani. Kwato zichorwe ubaoni. Asilete darasani fuvu wala ngozi ya nguruwe, kwa kuheshimu imani ya wanafunzi. Akumbuke kwamba darasani huenda yumo mtoto aliyefiwa kwa sababu ya simba, asimlazimishe kusimulia. Mahali wanapofugwa nguruwe, aeleze kwamba nguruwe mwitu hubeba homa ya nguruwe ya Afrika pasipo kuugua, hali wa kufugwa hufa. Kwa hiyo wafungiwe bandani. Ugonjwa huo hauwapati watu.

5. Mwisho

Mtihani wa somo hili si daftari peke yake. Mwalimu akutane na wazazi kabla ya Machi, mahindi yangali mabichi, awaonyeshe mnyororo uliochorwa na watoto wao, na kuomba mambo mawili: watoto wasilale dunguni, na watu wazima walinde kwa zamu, asilale mtu peke yake. Kijiji kikikubali hayo, somo limefaulu.