Redio ya Upepo Zahanatini: Jinsi ya Kufikisha Ujumbe Salama

Zahanati isiyofikiwa na mtandao wa simu hutegemea redio ya upepo. Mama akitokwa na damu nyingi usiku baada ya kujifungua, redio hiyo ndiyo inayoita gari la wagonjwa na kuleta ushauri wa daktari. Hata hivyo, redio nzima mikononi mwa asiyeijua hufikisha kelele badala ya ujumbe. Somo hili linaeleza jinsi sauti inavyosafiri, hatua za kuita, na namna ya kutoa taarifa ya mgonjwa.

Sauti inavyosafiri

Redio hii hutumia mawimbi mafupi, yaani masafa ya megahezi 3 hadi 30. Mawimbi hayo hupanda hadi ionosfera, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, kisha hurudi ardhini hata ng'ambo ya milima. Kwa kuwa jua ndilo linaloliimarisha tabaka hilo, chaneli inayosikika vizuri mchana huweza kuwa kimya usiku. Usidhani redio imeharibika. Hamia chaneli ya masafa ya chini zaidi miongoni mwa zile mlizopangiwa.

Hatua za kuita

1. Kagua betri na antena. Kamwe usibonyeze kitufe cha kusemea kama antena haijaunganishwa, kwani redio huweza kuungua. Mtu yeyote asiguse waya wa antena wakati unasema, kwa sababu huchoma ngozi. Dalili za radi zikionekana, zima redio na uchomoe antena mapema.
2. Sikiliza kwanza. Kama wengine wanazungumza, subiri watulie. Ukiwa na dharura, ingia wanapopumua na useme "dharura".
3. Bonyeza kitufe, ngoja kidogo, taja kituo unachokiita, kisha chako. Sema taratibu, bila kupaza sauti.
4. Sema "ova", kisha achia kitufe. Anayebonyeza hasikii, hivyo huwezi kumkatiza.

Sema kwa ufupi, maana kutuma hula umeme wa betri mara nyingi zaidi kuliko kusikiliza.

Taarifa ya mgonjwa

Andika taarifa kabla ya kubonyeza. Kwa mfano:

"Hospitali ya Wilaya, Hospitali ya Wilaya, hapa Zahanati Namba Nne. Dharura. Ova."

"Zahanati Namba Nne, endelea. Ova."

"Mama wa miaka 26, amejifungua dakika 40 zilizopita. Anatokwa na damu nyingi. Mapigo ya moyo 128, shinikizo la damu 80 kwa 50. Amechomwa oksitosini uniti 10 msulini. Naomba gari na maelekezo. Ova."

Daktari akitaja dawa, rudia jina, kipimo na njia ya kuitoa, naye athibitishe kabla hujaitoa. Taja tarakimu moja moja: "moja, mbili, nane". Katika kelele, "sita" na "tisa" hufanana. Angalia pia saa: anayesema "saa nane" anaweza kueleweka kuwa ni saa mbili au saa nane kwa hesabu ya Kiswahili. Taja "usiku" au "mchana", na mkubaliane hesabu moja.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Mazungumzo haya husikika kwa yeyote mwenye redio ya masafa hayo. Ndiyo maana mhudumu hutaja namba ya kadi badala ya jina. Ndugu, tulieni wakati wa mazungumzo. Mna haki ya kuuliza: "Je, kipimo cha dawa kimerudiwa na kuthibitishwa?"

Maswali ya kujipima

1. Chaneli ya mchana imekuwa kimya usiku. Utafanya nini?
2. Kwa nini taarifa iandikwe kabla ya kubonyeza kitufe?
3. Umesikia "uniti sita", lakini kuna kelele. Utasema nini kabla ya kushika sindano?

Jifunzeni kwa zamu, watumishi wote wa zahanati, siku isiyo na dharura. Dharura haichagui zamu ya anayeijua redio.