Somo la Mwezi: Mto Katuma, Viboko Wake, na Mpunga Wetu



Mwezi huu twataka kujifunza habari za mto mmoja ambao wengi wetu tumeuvuka mara nyingi pasipo kuufikiri, nao ni Katuma. Kila asafiriye kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga huupita Sitalike, penye daraja, na hapo abiria huinuka katika viti vyao ili kuwaonyesha watoto viboko. Watoto hucheka, gari huendelea, na habari imekwisha. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi.

Yafaa kwanza tuufuate mto wenyewe. Katuma hutoka katika nchi ya juu iliyo magharibi ya Mpanda, ukashuka katika bonde ambamo watu wa Kakese na Mwamkulu hulima mpunga. Penye Sitalike huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyowekwa mwaka 1974, kisha ikaongezwa mwaka 1998 hata ikawa na kilomita za mraba 4,471. Humo ndani mto hulisha ziwa Katavi na ziwa Chada. Haya si maziwa kama Tanganyika. Wakati wa masika ni maji mapana yenye ndege wengi. Wakati wa kiangazi ni mbuga ya majani na tope, na nyati hupita kwa miguu mahali palipokuwa na maji. Maji yanayosalia huendelea kwa mto Kavuu, yakapita katika nchi ya Wapimbwe, hata yakaingia ziwa Rukwa, ambalo halina mlango wa kutokea. Basi tone linalozuiliwa Mpanda hukosekana kwanza kwa kiboko, na baadaye kwa mvuvi wa Rukwa.

Sasa, watu wenye elimu hujuaje ya kwamba wanyama wamepungua au wameongezeka? Watu wengi hudhani kwamba hukisia tu. Sivyo. Njia moja ni kupita na gari au kwa miguu katika mistari ile ile, mwaka kwa mwaka, na kuandika kila mnyama aonekanaye, na umbali wake kutoka mstarini. Njia nyingine ni ndege kuruka juu ya nchi kwa mistari iliyonyoka, na wahesabuji hutazama kipande cha nchi ambacho upana wake umepimwa. Kisha hupiga hesabu ya nchi nzima kwa kipande kile. Mnyama aliyejificha chini ya miti hakosi kusahauliwa, na kiboko aliyezama majini vile vile, ndiyo sababu hesabu moja haitoshi. Lazima kurudia. Bwana Tim Caro, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, Marekani, alianza kazi yake Katavi katika miaka ya 1990, naye alirudi kuhesabu muda mrefu. Mwaka 1999 alitangaza kwamba wanyama wakubwa walikuwa wengi zaidi ndani ya hifadhi kuliko katika nchi za kando zilizolindwa nusu nusu. Mwaka 2008 alitangaza habari ya kuhuzunisha, ya kwamba wanyama wakubwa wa namna kadha wa kadha walikuwa wakipungua katika nchi ya Katavi na Rukwa, na uwindaji wa siri ni mojawapo ya sababu zilizotajwa.

Lakini bunduki na mtego huonekana upesi. Kuna jambo jingine lisilopiga kelele, nalo ni maji.

Kiboko ni mnyama wa majini mchana, na wa majanini usiku. Jua likiisha kuchwa hutoka, akala kama kilo 40 za majani, akarudi kabla ya jua kupanda. Ngozi yake hupoteza maji upesi mno, hata akikaa juani siku nyingi hupasuka na kuwa na vidonda. Wazee wetu wamesema kwamba hutoka jasho la damu. Mwaka 2004 wachunguzi wa Japani walieleza kwamba umajimaji ule mwekundu si damu wala jasho halisi, bali ni kitu cha kumkinga na ukali wa jua na vijidudu. Dawa hiyo ni nzuri, walakini haitoshi pasipo maji ya kuzamia. Mto ukikatika, viboko wa mahali pengi hukusanyika katika dimbwi moja, mamia pamoja, mgongo kwa mgongo, na madume hupigana vibaya. Mamba wa Katuma hao huwa na akili zaidi: huingia katika mapango ya kingo za mto, wakakaa humo wakingoja mvua.

Kuna watu wasemao, "Basi, kiboko ateseke, ni adui wa shamba." Twajibu kwamba wakumbuke samaki. Kila usiku kiboko hula nchi kavu, na mchana huacha mavi yake majini. Katika mto Mara, huko Kenya, wachunguzi walikadiria mwaka 2015 kwamba viboko zaidi ya 4,000 waliingiza mavi yapata kilo 36,000 kwa siku moja. Mto ukienda, mavi hayo huchukuliwa na kulisha wadudu na samaki wa chini yake. Mto ukisimama, chakula kile kile hugeuka kuwa sumu. Jambo hili lilipimwa hapa kwetu Tanzania, katika Ruaha Mkuu. Bwana Keenan Stears na Bwana Douglas McCauley na wenzao walitangaza mwaka 2018 kwamba mto ule ulipokoma kwenda wakati wa kiangazi, mavi yalijaa katika madimbwi ya viboko, hewa iliyomo majini ambayo samaki huivuta ikapungua, na samaki wakapungua kwa namna na kwa hesabu. Maji yalipoanza kwenda tena, mambo yalitengenea. Kwa hiyo kosa si la kiboko. Kosa ni la mto uliosimamishwa.

Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mnamo mwaka 1993. Watu walitafuta wa kulaumiwa, na mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu pamoja na ng'ombe wao. Hata hivyo wachunguzi wengine walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya kiangazi ilichukuliwa na mifereji ya mashamba, hasa ya mpunga. Ng'ombe walikwenda, na mto uliendelea kukauka. Twaieleza habari hii kwa makusudi, maana hata Mpanda ni rahisi kumnyoshea kidole mgeni mwenye mifugo, na ni vigumu kulitazama shamba letu wenyewe.

Juu ya Katuma, Bwana Manase Elisa na Bwana Eric Wolanski pamoja na mwenzao waliandika mwaka 2010 kwamba maji yake yamepunguzwa kwa kuchukuliwa mno juu ya hifadhi, tena kwamba kukatwa kwa misitu na kulishwa kwa nchi kupita kiasi huleta mchanga na tope. Kwa hiyo mkulima yumo, mfugaji yumo, mchoma mkaa yumo. Nasi tumo. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya mavuno, magunia ya mpunga huletwa mbele ya madhabahu, nasi huyapokea kwa furaha. Hatujauliza hata mara moja yalinyweshwa kwa maji gani.

Tulipoanza kuzungumza haya baada ya ibada, mzee mmoja wa usharika alisimama, akasema, "Baba Mchungaji, shikamoo. Mpunga huu ndio ada ya shule ya wajukuu. Je, kati ya kiboko na mjukuu wangu, nani ale?" Watu walinyamaza. Sisi nasi hatukuwa na jibu siku ile.

Baadaye tulikwenda pamoja naye kulitazama shamba. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa majuma mengi, hata mabua yalikuwa yameliwa na ng'ombe. Lakini magunia ya mchanga yalikuwa yangali mtoni, na nyuma yake maji yamesimama, hakuna ayatumiaye ila bata. Hapo tuliona kwamba swali la mzee lilikuwa zito kuliko jambo lenyewe. Mvua za masika hutosha mpunga na mto pamoja. Lililokuwa likimkausha kiboko si chakula cha mjukuu, bali ni uvivu wa kufungua kizuizi. Mzee alicheka kwa haya, akavuta magunia matatu kwa mikono yake, maji yakapita. Juma lililofuata tuliambiwa kwamba yalizuiliwa tena hatua kama mia mbili chini yake, na mtu mwingine aliyekuwa na bustani ya nyanya.

Basi mtu mmoja peke yake hawezi. Sheria ya maji ya mwaka 2009 yaweka utaratibu ulio wazi: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji yanayopaswa kubaki mtoni kwa ajili ya viumbe, kisha ndipo kazi nyingine, na kilimo kimo humo. Ageuzaye mto hana budi kuwa na kibali, na kulima ndani ya mita 60 za ukingo kumekatazwa. Sheria hiyo yaruhusu pia watumiao mto mmoja kufanya jumuiya yao, wakagawana maji kwa zamu. Tungependa kila mwalimu aliye kando ya Katuma aulize kwake kama jumuiya hiyo ipo, na kama ipo, je, wakulima wa nyanya wamo?

Kuna na kazi nyingine iwezekanayo pasipo fedha. Wenye elimu huja na kuondoka. Ninyi mpo siku zote. Simikeni mti mnyofu mahali penye kina, mkautia alama kila upana wa kiganja. Kila Jumapili baada ya ibada, mtu mmoja aende kusoma, akaandike katika daftari: tarehe, alama ya maji, na kama maji yanakwenda au yamesimama. Hasa iandikwe siku ambayo mto ulikoma, na siku ambayo ulianza tena. Madaftari ya miaka mitano kutoka Kakese, Mwamkulu na Sitalike, yakiwekwa pamoja, yataonyesha maji hukatika wapi kwanza, nayo yatapokewa na watu wa Bonde la Ziwa Rukwa kama ushahidi kuliko malalamiko yetu. Asiye na daftari na atuandikie, nasi tutampelekea.