Kioo cha Kompyuta ya Chama: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Katibu wa chama cha msingi ambaye zamani alitosheka na kalamu, rula na karatasi ya kaboni, siku hizi hana budi kuwa na kompyuta. Taarifa za chama hutakiwa katika mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na wanachama nao hutaka hesabu zao ziwe tayari mapema. Tena kazi ya katibu haikai mahali pamoja: leo yuko ofisini, kesho kwenye mizani ghalani, keshokutwa mbele ya Mkutano Mkuu. Kwa sababu hiyo zipo Bodi zinazopendelea ile kompyuta mpakato ambayo kibodi yake huchomolewa au kukunjwa nyuma, ikabaki kishikwambi cha kushikwa mkononi.

Somo hili lahusu kioo chake tu, yaani skrini. Wauzaji hutaja kasi ya mashine, ukubwa wa hifadhi na bei. Kioo hutajwa kwa inchi, basi. Hali kioo ndicho kisichorekebishika baadaye. Kibodi mbovu huweza kusaidiwa kwa kibodi ya nje, na hifadhi ndogo huongezewa diski ya nje. Kioo chenye ukungu hubaki hivyo mpaka siku mashine itakapofutwa katika daftari la mali. Na kioo hicho ndicho mahali mkulima anapoziona kilo zake. Tuseme amepima kilo 386, na katibu ameandika 336. Katika kioo hafifu, juani, tarakimu 3 na 8 hufanana kama mapacha. Mwanachama anayetakiwa kuutazama mstari wake kabla ya stakabadhi kutolewa hatapata faida yoyote ikiwa hawezi kuusoma.

Inchi zitajwazo hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo, kwa mshazari. Hazisemi lolote juu ya ubayana wa maandishi. Picha ya kioo imejengwa kwa nukta ndogondogo, ziitwazo pikseli, na kinachotakiwa kujulikana ni nukta ngapi zimo katika inchi moja. Hesabu yake ni ya shule: idadi ya nukta za upana izidishwe kwa yenyewe, na ya kimo vivyo hivyo, majibu mawili yajumlishwe, itafutwe kipeo cha pili, kisha kigawanywe kwa inchi za kioo. Kioo cha inchi 14 chenye nukta 1366 kwa 768 hutoa takriban nukta 112 kwa inchi. Cha inchi 13 chenye 1920 kwa 1080 hutoa 169. Cha inchi 12 chenye 2160 kwa 1440 hutoa 216.

Ni ipi itoshayo? Jicho zima huweza kutenganisha alama mbili zilizoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa umbali wa sentimita 50, ambao ndio wa mtu aliyeketi mezani, hiyo ni kama nukta 175 kwa inchi. Kwa sentimita 40, kishikwambi kikiwa mkononi, ni kama 218. Basi kioo cha nukta 112 kitaonyesha herufi zenye kingo za ngazi, na cha 216 kitatosha mezani na mkononi pia. Kulipa zaidi kwa ajili ya nukta 300 ni kununua kitu ambacho jicho la katibu halitakiona, na betri itakilipia kila siku.

Hata hivyo, nukta nyingi hufanya herufi kuwa ndogo. Katika Windows hukuzwa kwa asilimia 125, 150 au 200, na hapo programu za hesabu za zamani huweza kutoa maandishi yenye ukungu, kwa kuwa hazikutengenezwa kwa kukuzwa. Chama kinachotumia programu ya namna hiyo kiipeleke dukani na kuifungua katika mashine ile ile inayokusudiwa kununuliwa.

Umbo nalo lina maana kwa mtu wa leja. Surface Pro ya kwanza ya mwaka 2013 ilikuwa na kioo cha uwiano wa 16 kwa 9, kizuri kwa sinema. Mwaka 2014 Surface Pro 3 ikaja na uwiano wa 3 kwa 2, ulio karibu zaidi na umbo la karatasi ya A4. Vioo viwili vya inchi 12.3 vikilinganishwa, cha 3 kwa 2 kina kimo cha sentimita 17.3 na cha 16 kwa 9 kina 15.3. Tofauti hiyo ya sentimita mbili ni mistari minne ya wakulima, kila mstari ukichukua nusu sentimita.

Mwangaza hupimwa kwa niti. Mashine za bei nafuu aghalabu huwa na 250 hivi, zinazofaa ndani ya nyumba. Kwa kazi ya barazani au mlangoni mwa ghala zitafutwe 400 au zaidi. Juani kabisa hata hizo hazitoshi, na mizani ihamishiwe kivulini. Vishikwambi vingi vina kioo king'aacho kinachorudisha taswira ya dirisha na ya msomaji mwenyewe. Karatasi ya plastiki ya kupunguza mng'ao husaidia, ingawa hupunguza ubayana kidogo. Kioo cha aina ya IPS husomeka hata kwa aliyesimama pembeni, jambo la lazima watu watatu wanapokizunguka.

Vioo vya OLED vina weusi mzuri sana, lakini baadhi yake hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzimika upesi, na wapo watu wanaoumwa kichwa kwa sababu hiyo. Mwangaza upunguzwe, kisha kioo kitazamwe kwa kamera ya simu: michirizi myeusi inayotembea ni dalili. Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu haistahili fedha za chama. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 hayakuona kwamba hupunguza uchovu wa macho. Katibu aliyepita miaka 40 huenda anahitaji miwani ya kusomea, na hiyo hutoka kwa mpimaji wa macho.

Mjumbe atakayetumwa kununua aende na katibu mwenyewe, wakiwa na ukurasa wa leja katika kifaa cha kuhifadhia. Waufungue, watoke nao hadi barazani pa duka saa sita mchana, na mtu wa tatu asome tarakimu kwa sauti akiwa amesimama kando. Muuzaji akikataa mashine isitolewe mlangoni, waende duka jingine.