SOMO LETU: PROGRAMU ILIYOANZA KWA KUJIFURAHISHA

Programu ni maagizo yanayoandikwa ili kompyuta ijue la kufanya. Bila maagizo, kompyuta ni sanduku tu.

Mwaka 1991, mjini Helsinki, nchi ya Ufini, mwanafunzi wa miaka 21, Linus Torvalds, alikuwa akiichokonoa kompyuta yake nyumbani. Akaiandikia programu ya kuiendesha, kwa kujifurahisha tu. Ndiyo Linux. Angeweza kuyaficha maagizo yake, auze. Hakuficha. Aliyatoa, na watu wasiomjua wakayasoma, wakayasahihisha. Mwaka 1992 akaweka sharti: ruksa kubadili, ruksa kumpa mwenzako, lakini ukigawa uliyoyabadili, toa na maagizo yake. Ni kama mama lishe akupe chakula, akufundishe na kukipika. Wangapi wanafanya hivyo?

Jambo hili latuhusu. Zile simu za kupangusa za Android zina Linux ndani yake. Na kompyuta kuukuu, iliyokuwa ikijikokota hata mwenyewe akaichoka, mara nyingi huamka ikiwekewa Linux, bila kulipia programu. Vijana wenye kupenda ufundi wajaribu. Ila kwanza nakilini picha na hesabu zenu za kikundi mahali pengine, maana kuweka programu mpya huweza kufuta vyote vilivyomo.