Palizi ya mpunga na jua la Februari

Kwa wakulima wa Ifakara, Mlimba na Malinyi huu ni wakati wa palizi, kazi inayomweka mtu juani muda mrefu. Bonde la Kilombero lina joto la unyevunyevu. Jasho humpoza mtu pale tu linapokauka mwilini. Ndani ya shamba lenye maji hewa imeshajaa unyevu, hivyo jasho linatiririka tu na joto linabaki palepale. Hata siku ya mawingu mtu anaweza kuzidiwa.

Hatari kubwa zaidi naiona kwenye malipo. Kibarua analipwa kwa ngwe, na asipoimaliza pesa haitoki. Saa 7 mchana bado ameinama anang'oa magugu, dumu la maji liko kule kwenye tuta, na kulifuata anaona ni kupoteza muda. Mwenye shamba, hili liko mikononi mwako. Pima ngwe fupi, zinazoweza kuisha kabla ya saa 5 asubuhi kwa walioingia kunapopambazuka. Anayetaka nyingine arudi saa 10 jioni. Na dumu lihamishwe kila watu wanaposogea, likae kwenye kivuli karibu nao.

Kibarua aliyeshuka kutoka kwenye baridi, tuseme Njombe au Makete, mwanzishe kwa kazi ya saa chache. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na wengi wanaodhurika hudhurika siku za mwanzo. Mjamzito na mzee nao wasiachwe wakimbizane na vijana.

Maji yanywewe kabla ya kiu: kikombe kimoja kila baada ya dakika 20 hivi. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, umechelewa kunywa. Anayetoka jasho jingi asubuhi nzima atengenezewe lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kufuta, visijae kilima. Msichukulie hili kuwa dogo. Huko Nicaragua na El Salvador maelfu ya wakata miwa, wengi wao vijana, wamekufa kwa ugonjwa wa figo, na watafiti wanauhusisha na kazi nzito juani bila maji ya kutosha wala mapumziko.

Dawa ya magugu ipigwe asubuhi na mapema tu. Ngozi yenye joto na jasho hupitisha sumu kwa urahisi zaidi, na mavazi ya kujikinga hayavaliki mchana.

Sasa lile ninaloomba kila mtu shambani alijue. Mwenzenu akianza kuyumba, kuongea yasiyoeleweka, au akianguka huku mwili unawaka, msikae kubishana kama ni malaria imempanda kichwani au ni mashetani. Kwanza mpozeni. Mbebeni hadi kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, hata ya mfereji yanafaa, na mmpepee kwa kanga bila kuacha. Akina mama wamfunike kwa kanga iliyolowa kama kuna haja ya stara, wazidi kuilowesha. Msidanganywe na jasho: wengine ngozi hukauka, wengine bado wanatoka jasho. Vidonge vya homa havisaidii hapa. Asiyejitambua msimnyweshe chochote, atapaliwa; mlazeni ubavu.

Wakati huohuo mmoja aite usafiri. Joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo na figo huanza kuharibika, na kila dakika ina uzito, kwa hiyo msisubiri pikipiki ndipo muanze kummwagia. Njiani pia aendelee kulowanishwa. Mkifika zahanati mwambieni mganga alikuwa juani tangu saa ngapi na kama alikuwa anapiga dawa. Vipimo vya malaria vitafuata hapohapo.