Msilale Bondeni: Onyo kwa wenye jipu wanaopita Sake kwenda Masisi na Walikale

Kijitabu hiki kimetoka kwa sababu ya malalamiko. Wakaaji wa kandokando ya Sake wanatuambia wamechoka kuwaamsha usiku wasafiri walioegesha jipu bondeni, kisha wanatukanwa kwa kuwavunjia watu usingizi. Wasikilizeni wakaaji hao. Wanaijua ardhi yao kuliko shofere aliyefika jioni.

Tunajua mnatengeneza jipu vizuri: springi ngumu, pine mbili za akiba, batri ya pili, godoro nyuma. Hayo tunayapitia upesi. Bidoni ya lita 20 ya maji ina kilo 20, ya mazuti karibu kilo 17. Zifungeni chini, katikati ya magurudumu, wala si juu ya paa, kwa sababu kwenye vilima vya Masisi gari lenye mzigo juu hupinduka upesi. Esansi isikae ndani pamoja na watu. Walikale ni nchi ya chini, yenye joto la msitu: safisheni radieta kabla, na kwenye miteremko shukeni kwa gia ndogo, breki zisiungue. Ukaguzi wetu ni kwa jipu za binafsi zenye karatasi kamili.

Sasa hatari yenyewe: mazuku.

Hii ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Lava ya Nyamulagira ya 1938 hadi 1940 ilifika ziwani karibu na Sake, na ardhi ya namna hiyo imejaa nyufa na mashimo. Gesi ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo huteremka na kujaa mahali pa chini. Haina rangi. Hainuki. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku kukitulia hukusanyika hadi asubuhi mapema. Mahali mlipopika mchana bila shida panaweza kuwaua alfajiri.

Msiseme jipu yetu ni nzima. Madirisha yaliyofungwa hayaizuii, na kiyoyozi huvuta hewa ileile ya nje. Hema la juu ya paa nalo si kinga: ukishuka ngazi kwenda haja, umeingia ndani ya gesi. Mshumaa si kipimo, maana unaweza kuendelea kuwaka huku mtu amekwisha kudhurika. Tunarudia: msilale bondeni. Msilale shimoni, wala kwenye ufa wa lava, hata kama mvua inanyesha na pamekingwa na upepo. Pale ambapo upepo haufiki ndipo mazuku hukaa.

Fikeni kabla ya giza. Muulizeni chefu wa kijiji mahali pa kulala, mwegeshe juu, peupe. Mkiona mbuzi, ndege au nyoka amekufa mahali pa chini bila jeraha, ondokeni hapo hapo.

Mwenzenu akianguka bondeni, msishuke kumfuata, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Wa pili hufa pembeni ya wa kwanza. Kaeni juu, iteni msaada, mtupieni kamba ndefu ikiwa bado ana fahamu. Kamba hiyo ndiyo kitu cha kwanza tunachotafuta tunapofungua mlango wa nyuma wa jipu yenu, na jipu isiyo nayo tunairudisha.