Alitoka Vitani Salama, Akafia Nyumbani

Somo: 2 Wafalme 18–20; Yohana 11

Kati yetu wako ndugu waliohudumu jeshini, wengine walivuka mpaka kuingia Somalia tangu Oktoba 2011. Risasi na mabomu ya barabarani viliwapita. Lakini siku hizi simu za usiku ni za habari nyingine: yule waliyekuwa kuruta pamoja Eldoret, hajafika hata miaka 50, ameanguka bafuni. Mwingine ni moyo. Mwingine aliingia hospitali Jumatatu, Alhamisi hayuko. Wanauliza: Mungu alimlinda kule kote, ili aje afie kwa kochi?

Tumwangalie Hezekia. Alianza kutawala akiwa na miaka 25, akatawala 29. Toa ile 15 aliyoongezewa alipougua, utapata alikuwa na 39 tu. Huo ulikuwa mwaka wa 14 wa utawala wake, mwaka ule ule Senakeribu wa Ashuru alivamia Yuda. Jeshi lile lote halikumuua. Jipu nusura limuue.

1. Ugonjwa si ushahidi wa laana. Hezekia alikuwa mcha Mungu. Lazaro alikuwa rafiki wa Yesu, na bado aliugua akafa. Basi tuache yale maneno ya matangani, eti alirogwa, eti kuna dhambi alificha. Yesu mwenyewe alimwaga machozi kwa ajili ya rafiki. Afande, nawe unaruhusiwa kulia.

2. Maombi na dawa havipingani. Hezekia aliomba akilia, Mungu akasikia, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Presha inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote. Kambini ulikimbizwa kila asubuhi. Ukistaafu hakuna wa kukupigia filimbi. Nenda upimwe presha na sukari. Kifua kikikubana, usiseme ni gesi. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo, halafu utupigie tuombe.

3. Panga mambo ya nyumbani mapema. Hezekia aliambiwa hivyo kabla ya kuponywa. Nani ameandikwa kwa fomu yako ya Sacco na ya pensheni? Mama watoto anajua hati ya shamba iko wapi? Kumwachia mjane kesi si imani.

Kwa nini mmoja anaongezewa 15 na mwenzake haongezewi hata wiki? Biblia haituambii, na mhubiri asijifanye anajua. Tunachojua ni kwamba wewe uliyebaki umepewa leo.

Kazi ya wiki hii: mpigie mmoja wa wale mliotumikia naye. Usingoje kumwona kwenye mazishi ya mwenzenu. Mwulize afya yake, mwende mkapimwe pamoja, na umwombee kwa jina.

Tuombe: Baba, wafariji waliofiwa na wenzao. Utupe hekima ya kutumia siku tulizobakisha. Kwa jina la Yesu, Amina.